Askofu Edward Steere, Mwanafunzi wa Kiswahili



Siku moja katika darasa la Kipaimara mwalimu aliwauliza watoto maana ya neno neema. Mikono yote ikainuka. Mtoto wa kwanza alijibu sawasawa na katekisimu, hakukosa hata silabi moja. Wa pili alijibu vile vile. Ndipo mwalimu akawaomba walitumie neno hilo kwa maneno yao wenyewe, kama wanavyosema nyumbani. Mikono yote ikashuka, darasa likawa kimya. Mwishowe binti mmoja wa nyuma alisema kwamba mvua ilikuwa imenyesha vizuri, kwao ukawa mwaka wa neema, hata bibi yake akawagawia mahindi majirani ambao hawakuwa wamepanda kitu. Mwalimu alifunga kitabu chake. Somo lilikuwa limekwisha, na aliyelifundisha ni yule binti.

Niliposimuliwa habari hiyo nilimkumbuka marehemu Askofu Edward Steere, Askofu wa tatu wa Misheni ya Vyuo Vikuu, ile tuliyozoea kuiita UMCA. Wengi wetu tunamjua kama mjenzi wa Kanisa Kuu la Unguja, na ni kweli. Lakini kabla hajajenga kwa mawe alikuwa amekaa miaka mingi akikusanya maneno, na alijua jambo lile lile alilolijua yule binti: kwamba neno huwezi kulifahamu likiwa peke yake, mpaka ulisikie likifanya kazi katika vinywa vya watu. Mwezi huu tuyatazame maisha yake kwa upande huo.

Kijana wa London

Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828. Baba yake alikuwa mwanasheria, na kijana naye akafuata njia hiyo hiyo. Alisoma katika Chuo Kikuu cha London, akapata shahada ya juu ya sheria mwaka 1850, na mwaka huo huo akakubaliwa kuwa wakili. Mbele yake palikuwa na kazi ya heshima na fedha ya kutosha. Lakini moyo wake haukutulia. Alipenda vitabu vya dini na falsafa, alipenda kazi za mikono, na alijifunza hata kazi ya kupiga chapa, ambayo ilikuja kumfaa sana baadaye.

Basi akaiacha sheria. Mwaka 1856 alifanywa Shemasi, na mwaka 1858 akapewa Upadre. Alitumika katika sehemu za mashamba za Lincolnshire, upande wa mashariki ya Uingereza, kati ya wakulima na wavuvi. Huko alifanya urafiki na Padre William Tozer, aliyekuwa na kazi katika mtaa wa jirani.

Wakati huo habari mbaya zilifika kutoka Afrika. Kwa wito wa Dk. Livingstone, misheni mpya ya vyuo vikuu ilikuwa imekwenda mwaka 1861 mpaka Magomero, katika nchi iitwayo Malawi leo. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alikufa kwa homa mwezi wa Januari 1862, na baadhi ya wenzake wakafa pia. Padre Tozer akachaguliwa kushika nafasi yake. Alipofunga safari mwaka 1863 Steere alikubali kumsindikiza kwa muda, akaacha nyuma mke wake na kanisa lake dogo la Little Steeping. Alidhani atarudi baada ya mwaka mmoja au miwili. Kumbe alikuwa anakwenda kwenye kazi ya maisha yake yote.

Kufika Unguja

Walijaribu kwanza mlima wa Morumbala, karibu na mto Shire, lakini mahali pale hapakufaa. Askofu Tozer akaamua kuihamisha misheni Unguja. Walifika mwishoni mwa Agosti 1864. Unguja ilikuwa mji mkubwa wa biashara. Mashua na majahazi yalikuja kutoka Arabuni, Uajemi na Bara Hindi, na misafara ilitoka na kuingia kupitia bara mpaka maziwa makuu. Na katikati ya mji, penye mkunazi, palikuwa na soko ambalo bidhaa yake ilikuwa ni watu.

Muda si muda Sultani Majid aliwapa wamisionari wavulana watano waliotolewa katika chombo kilichokuwa kimebeba watumwa. Hao watano ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza. Hebu fikirini, wapendwa, hali ya chumba kile. Upande mmoja wamekaa Wazungu wawili watatu wasiojua neno la kumfariji mtoto. Upande wa pili wamekaa watoto waliotekwa bara, ambao wamekwisha kuona mengi, na ambao hawana sababu yoyote ya kumwamini mtu mzima mgeni. Kati yao hapakuwa na lugha. Kwa mtu anayetaka kuhubiri Injili, kukosa lugha ni kama mvuvi kukosa wavu.

Kiswahili kilikuwapo, tena kilikuwapo zamani. Hakikutengenezwa na wamisionari, kama wengine wanavyodhani. Watu wa pwani walikuwa wakitunga tenzi na kuandikiana barua kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla ya hapo. Tena Dk. Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikuwa amekwisha kuandika sarufi ya lugha hii, iliyopigwa chapa mwaka 1850. Steere aliitumia. Askofu Tozer naye alipokwenda Mombasa alinakili orodha ya maneno ya mwenzake Krapf, yaani Johannes Rebmann, akaileta Unguja. Lakini kazi hizo zilifuata Kimvita, maneno ya Mombasa, na Unguja watu walisema kwa namna yao. Zaidi ya hayo orodha ni orodha tu. Inakupa neno na maana yake, kisha inakuacha njiani.

Neno moja, kazi nyingi

Kila mtu aliyejifunza lugha ya wenzake ameuona mtego huu. Chukua neno kupiga. Mgeni ataandika katika daftari lake kwamba kupiga ni kumchapa mtu. Kesho yake atasikia kwamba fulani amepiga hodi, ashangae mlango umekosa nini. Atasikia mtu amepiga magoti kusali, mwingine amepiga mbizi baharini, fundi anapiga pasi, askari wamepiga mizinga, na watoto wanapiga makofi kwa furaha. Wapi kipigo? Wapi aliyeumia? Asipozisikia sentensi zenyewe atabaki na maana moja mkononi, kama mtu mwenye ufunguo mmoja katika nyumba ya milango ishirini. Katika kitabu chake Steere hakulifunga neno hili kwa maana moja. Aliandika chini yake safu ndefu ya matumizi, moja moja, kama alivyoyasikia.

Au chukua neno kuoa. Mgeni anaambiwa maana yake ni kufunga ndoa, naye anafurahi, anakwenda kumpongeza bibi arusi kwa kuwa ameoa. Watu wanacheka mpaka machozi. Hakukosa maana, alikosa matumizi. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, nayo haionekani katika orodha ya maneno mpaka neno liingie katika sentensi yenye mtu ndani yake.

Hata neno dogo kama -zuri haliwezi kusimama peke yake. Mtu ni mzuri, kitabu ni kizuri, nyumba ni nzuri, na maua ni mazuri. Sisi tulinyonya mambo haya pamoja na maziwa ya mama, hatuyaoni kuwa ni kazi. Lakini kwa mgeni -zuri ni mguu usio na mwili. Mwili wake ni sentensi.

Walimu wa Steere

Basi Steere alifanya nini? Alitafuta watu waliokijua Kiswahili vizuri, akakubali kuwa mwanafunzi wao. Wala haikuwa jambo dogo kwa mtu mwenye shahada ya udaktari wa sheria kukaa mbele ya watu ambao Wazungu wengi wa siku zile waliwahesabu kuwa hawajui kitu, na kukosolewa nao kila siku.

Mmoja wao alikuwa Sheikh Abdul Aziz, mtu mwenye elimu kubwa ya dini ya Kiislamu. Kwa hiari yake alijitolea kumsaidia kuzifasiri Zaburi kutoka Kiarabu. Tutafakari wema huo: Sheikh wa Kiislamu anamsaidia Padre kuziweka Zaburi za Daudi katika Kiswahili. Lakini kazi haikufika mbali. Sheikh alikuwa na shughuli nyingi, na zaidi ya hayo Kiswahili chake kilikuwa cha juu mno, kimejaa maneno ya wasomi. Wasomi wangekifurahia, lakini wale watoto watano wasingekielewa. Steere alijifunza hapo jambo kubwa. Neno laweza kuwa safi, la haki na zuri, na bado lisiwe neno la watu wale unaotaka kusema nao.

Kwa hiyo aligeukia hadithi. Mtu mmoja aitwaye Hamisi wa Kayi, na wengine pamoja naye, walimsimulia ngano za Unguja, naye akaziandika kama zilivyotoka vinywani mwao. Katika hadithi mtu hatoi mifano ya sarufi. Anasimulia, na maneno yanakuja yenyewe kila moja mahali pake.

Moja ya ngano hizo ni ile ya maskini aliyekuwa akienda jaani kila siku kupekua kama kuku, apate punje za mtama. Siku moja aliokota thumuni, akanunua paa. Paa huyo akamtajirisha, akampatia mke na nyumba kubwa. Lakini paa alipougua, bwana wake alikataa hata kushuka kumwona, akaamuru apewe chakula kibaya. Paa akafa kwa uchungu. Mwisho yule mtu akajikuta tena juu ya jaa lake, akipekua kama mwanzo. Sasa aliyejifunza neno kupekua katika ngano hii hatalisahau, kwa sababu hakujifunza neno tu. Alimwona mtu ameinama jaani, na alijua kwa nini amerudi pale.

Steere alisikiliza mpaka mambo ambayo watu wazima huyaona ya upuuzi. Aliandika habari za kinyume, ule mchezo wa kuchukua silabi ya mwisho ya neno na kuitanguliza mbele, nyumba ikawa mbanyu, ili wasiojua wasielewe. Mtu anayesikiliza hata michezo ya maneno ndiye anayepata lugha.

Vitabu vyake

Alianza kupiga chapa makusanyo yake Unguja mwaka 1865, na ile kazi ya mikono aliyojifunza zamani ikamfaa. Wavulana wa misheni walifundishwa kupanga herufi za risasi na kuendesha mashine. Hivyo watoto waliokuwa wameuzwa kama bidhaa wakawa miongoni mwa wapiga chapa wa kwanza wa Kiswahili katika nchi yao.

Afya yake ilimrudisha Uingereza mwaka 1868. Huko alitengeneza vitabu viwili vilivyotoka London mwaka 1870. Kimoja ni kitabu cha mkononi cha Kiswahili, chenye sarufi na msamiati. Mwisho wake aliongeza sentensi na misemo ya kila siku, pamoja na mifano ya barua kama wenyeji walivyoandikiana. Kitabu cha pili ni zile hadithi za Unguja, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa unaoelekea. Vitabu hivi viwili ni kama mikono miwili. Kimoja kinakupa neno, na kingine kinakuonyesha neno hilo likitembea.

Mwaka 1878 alitoa kitabu kidogo cha mazoezi ya Kiswahili kwa ajili ya wamisionari wapya. Mpango wake ulikuwa mwepesi: maelezo kidogo, maneno machache, kisha sentensi za kufasiri. Mwanafunzi hakuambiwa akariri mia kwa siku. Alipewa machache, akatakiwa ayatumie mara moja. Wote tuliofundishwa lugha darasani tunaijua njia hii, na wengi wetu hatukujua kwamba Askofu wa Unguja aliifuata zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Wala hakuishia kwenye Kiswahili. Alikusanya maneno ya Kishambala na ya Kiyao pia, kwa sababu alijua kwamba mtu husali kwa lugha ya moyo wake.

Sokoni

Alipokuwa angali Uingereza, tufani kubwa iliipiga Unguja mwezi wa Aprili 1872, ikaharibu majengo na mashamba. Askofu Tozer alikuwa mgonjwa, na misheni ilikuwa imebaki na watu wachache sana. Steere akaliacha kanisa lake la Little Steeping, akarudi. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini na kuyafunga masoko yao. Mahali pale pa soko, Mkunazini, misheni ilipata kiwanja: Padre West alinunua sehemu kwa fedha yake, na tajiri mmoja wa Kihindi akatoa sehemu nyingine. Siku ya Krismasi mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa.

Mwaka 1874 Steere aliwekwa wakfu kuwa Askofu. Alirudi Unguja, na palepale Mkunazini, kabla kanisa halijakwisha, alizungumza na watu wa mji kwa Kiswahili habari za dini. Waarabu na Waswahili walikuja kusikiliza, wakauliza maswali, naye akajibu.

Hapa ndipo tunapoona kazi ile yote ya maneno ilikuwa ya nini. Tufikiri juu ya neno kukomboa. Sisi leo tunamwita Bwana Yesu Mkombozi bila kusita, kama jina la kanisani. Lakini pwani ya siku zile neno hili lilikuwa na sentensi zake tayari. Mtu aliweka shamba lake rehani, akatafuta fedha, akalikomboa. Ndugu alitekwa, jamaa zake wakachanga mali, wakamkomboa. Kukomboa kulikuwa na bei, kulikuwa na mtu aliyelipa, na kulikuwa na mtu aliyetoka akaenda zake. Mtoto aliyetolewa katika jahazi la watumwa hakuhitaji maelezo marefu ya katekisimu. Neno hilo alilijua mwilini mwake.

Na tufikiri juu ya neno gumu zaidi. Kutoka katika kutuma tunapata mtumwa, mtumishi na mtume. Katika Biblia zetu Mtakatifu Paulo anapowaandikia Warumi anajiita mtumwa wa Kristo, na papo hapo anasema ameitwa kuwa mtume. Kwetu ni maneno ya kuanzia barua. Lakini yasome Mkunazini, juu ya udongo ule ule, mbele ya watu walioitwa watumwa kwa minyororo. Kwao mtumwa hakuwa mfano, alikuwa mtu fulani mwenye jina. Mhubiri asiyejua sentensi walizozisikia watu wake angeweza kuwajeruhi kwa neno la Mungu lenyewe. Mhubiri aliyesikiliza kwanza angejua kwamba lazima aeleze ni bwana gani huyu, ambaye hakumnunua mtu ili amtumikishe, bali alijitoa mwenyewe kuwa fidia. Ndiyo maana nasema kwamba maana ya neno si jambo la shule tu. Yaweza kuwa jambo la uzima na mauti.

Jengo na Agano Jipya

Kazi mbili zilikwenda pamoja katika miaka iliyofuata. Askofu alisimamia ujenzi wa Kanisa Kuu kwa macho yake mwenyewe. Paa lake lilijengwa kama tao kubwa la mawe ya matumbawe na saruji, na wako waliosema litaanguka. Halikuanguka mpaka leo. Kuna nguzo zilizosimamishwa juu chini na mafundi, na wageni huonyeshwa mpaka sasa. Siku ya Krismasi 1879 kanisa lilifunguliwa kwa ibada.

Wakati huo huo alikuwa akifasiri Maandiko. Alianza na Injili ya Mathayo, akaendelea mpaka akakamilisha Agano Jipya, pamoja na Zaburi na sala za Kanisa. Aliyeikataa tafsiri ya wasomi peke yao, na aliyekaa usiku kusikiliza ngano ya paa, ndiye aliyeshika kalamu hiyo.

Hakukaa Unguja tu. Mwaka 1875 alitembea kwa miguu mpaka kwa Mataka, mkuu wa Wayao, safari ya majuma mengi. Mwaka 1876 aliongoza kundi la watu waliowekwa huru kurudi kuelekea bara, nao wakaishia Masasi, wakapenda mahali pale, wakakaa. Kanisa la Masasi lilianzia hapo. Na mwaka 1879 alimweka John Swedi, mmoja wa wale wavulana watano wa kwanza, kuwa Shemasi. Yule mtoto ambaye mwaka 1864 hakuwa na lugha moja na Wazungu wale, sasa alisimama kanisani kuisoma Injili kwa Kiswahili.

Kufa kwake

Kazi na homa zilimchosha. Mwaka 1882 alikwenda Uingereza kupumzika, lakini hakukaa sana. Alirudi Unguja mwezi wa Agosti, na siku chache baada ya kufika, tarehe 27 Agosti 1882, alikufa. Alikuwa na umri wa miaka 54. Walimzika nyuma ya altare ya kanisa alilolijenga, mahali ambapo watu walikuwa wakiuzwa.

Tukimsifu tusimfanye malaika. Alikuwa mtu wa wakati wake, na Wazungu wa wakati wake walijiona kuwa wazazi na Waafrika kuwa watoto. Tena vitabu vile vimebeba jina lake juu ya jalada, ingawa maneno yaliyomo ni ya mamia ya watu: wachukuzi, mabaharia, wanawake wa sokoni, watoto wa shule. Wachache alitaja majina yao kwa shukrani. Waliobaki Mungu anawajua.

Hata hivyo kazi yake iliendelea. Arthur Madan alikitengeneza upya kitabu chake na kuandika kamusi. Katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928 ilikubaliwa kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaanzishwa kamati ya kukiangalia Kiswahili hicho katika nchi zote za Afrika Mashariki. Lugha tunayoisoma katika magazeti, shuleni na kanisani imepita katika daftari zile za Unguja.

Tujifunze nini

Wapendwa, tunaye mtoto wa Kipaimara anayejua kujibu maana ya neema, toba, wokovu na ushirika, lakini hawezi kuyatumia nje ya mlango wa kanisa. Kosa si lake. Sisi tuliomfundisha tulimpa orodha, hatukumpa sentensi. Tulifundisha maneno kama Steere alivyoyakuta katika daftari la kunakili, wala hatukufanya alilolifanya baadaye.

Walimu wa dini, wazazi na Mapadre, tujaribu njia yake. Mtoto akitaja neno, tumwombe alitie katika maneno ya nyumbani. Toba ni nini kwa mtu aliyeiba kuku wa jirani? Ushirika ni nini katika mtaa ambao watu wawili hawasalimiani? Amani ni nini katika nyumba ambayo baba akiingia watoto hutoka? Mtoto akishindwa, na sisi tujaribu. Na sisi tukishindwa, tukiri kwamba neno hilo bado hatulijui, ingawa tumelikariri miaka thelathini.

Na zaidi ya hayo tukubali kufundishwa. Daktari wa sheria alikaa miguuni pa wasimulizi wa ngano, akakosolewa, akaandika tena. Hakuna aibu katika kuuliza wazee wetu neno hili husemwaje. Wala hakuna aibu kujifunza kwa binti wa darasa la Kipaimara ambaye bibi yake aligawa mahindi.

Tumshukuru Mungu kwa mtumishi wake Edward, Askofu, na kwa walimu wake wote, wenye majina na wasio na majina. Tumwombe atujalie kuyatenda maneno tunayoyasema, maana sentensi ya mwisho ya kila neno la imani ni maisha ya mtu anayelisema. Amina.